Nipige Picha Nikishika Rodi

Alikuja Alhamisi jioni, sisi tushaanza kukusanya vyombo, kijana mpole na laptopu mgongoni, akasalimia vizuri, shikamoo fundi, mashine yangu imefika wapi. Imeisha, nikamwambia. Mashine ya kufua nazi, roli mbili zenye meno zinazozunguka kinyume, fremu ya skwea tyubu tumeipaka rangi ya buluu vile alivyotaka. Akaizunguka, akaigusagusa, akafurahi wallahi, uso wote ukafunguka. Halafu akaniangalia kama mtu anayeona haya kusema.

"Fundi, nisaidie kitu kimoja. Nipige picha nikishika rodi."

Akavaa kofia ya kuchomelea ya kijana wangu, akavaa glavu, akainama juu ya fremu iliyokwisha kupakwa rangi, akashika rodi hivi, mashine ya weldingi imezimwa. Nikampiga, ya mbele moja, ya ubavuni moja, akaniomba nyingine grainda ikionekana nyuma. Ni za ripoti ya projekti yangu ya chuo, akasema, chapta ya tatu, pale panapoelezwa vile mashine ilivyotengenezwa. Akanitumia salio kwa M-Pesa, tukampakilia mashine kwenye tuktuk, akaenda zake.

Sikukasirika. Nilimtakia heri na nilimaanisha.

Lakini wiki zimepita na ile picha haijanitoka kichwani, nikichomelea naiona, nikikaa barazani baada ya Ishaa naiona, mpaka nimeona bora niiandike.

## Kitu chenyewe kilichonishika

Watu niliowasimulia wote walikimbilia kusema kijana ni muongo, wanafunzi wa siku hizi wananunua projekti, na kadhalika. Mi siko huko. Huyu kijana alikuwa na akili nzuri, siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini nafasi baina ya roli ameiweka vile akanieleza habari ya kumbi la nazi na nguvu ya kulichana, na hesabu alikuwa nazo, na zilikuwa zake.

Kilichonishika ni kingine. Baina ya ile karatasi aliyoniletea na ile mashine aliyoibeba kulikuwa na maamuzi mengi sana, na hakuna hata moja ambalo yeye alikuwepo likifanywa.

Nitoe mfano mmoja tu. Mchoro wake unasema shafti milimita 25, na tundu la beringi milimita 25. Basi. Ukiikereza shafti ikatoka na unene wa kubaki kidogo, sehemu chache za mia za milimita, beringi haiingii mpaka uipige nyundo, na beringi ya kupigwa nyundo umeshaiua. Ukiikata kidogo zaidi, beringi inaingia yenyewe ikicheza, na shafti itazunguka ndani ya beringi badala ya kuzunguka pamoja nayo, mwezi mmoja umeisha. Kwa hivyo kuna mtu lazima aamue, hii yataka ikazwe au ilegee, na kiasi gani. Kwenye michoro ya kiwandani uamuzi huo unaandikwa kwa herufi na namba pembeni ya kipimo, h6, k6, na kila moja ina maana yake. Kwa mchoro wa huyu kijana hakukuwa na kitu, 25 imekaa peke yake. Aliyeamua ni fundi wangu wa mashine ya kukereza, kwa vernia, kile kipimio cha unene, na kipande cha msasa na kidole chake.

Mota nayo tuliisogeza, manake pale alipoichora mkanda ungesugua fremu. Tukatoboa matundu marefu ya kuvutia mkanda ukilegea, yeye alikuwa amechora ya duara. Meno ya roli mchoro ulisema yachomelewe yote, tukaona roli itapinda kwa joto, tukaruka jino moja moja, upande huu kisha upande ule, ili chuma kivutwe sawa.

Yeye hajui. Na kwenye ripoti, mota iko pale alipoichora.

Mashine aliyoiandika siyo aliyoibeba.

## Msimu

Kila mwaka wanakuja wanafunzi wa projekti, wa vyuo vya hapa Pwani na wa Nairobi walio nyumbani, na sitataja chuo kwa sababu tofauti siioni kubwa. Msimu ukianza nawajua kwa mbali kwa vile wanavyotembea wakiangalia mabango. Wana michoro mizuri ya kompyuta, yenye kivuli na rangi, ukiizungusha kwenye skrini inazunguka. Ndani yake kuna skwea tyubu ya milimita 37, na ukizunguka Mombasa nzima kwa wauza vyuma utaipata ya 25, ya 40 na ya 50. Kuna bolti imewekwa kwenye kona ambayo spana haiwezi kugeuka. Kuna mahali pa kuchomelea ambapo mkono hauingii, nikimuonyesha anashangaa kweli, kwa sababu kwenye kompyuta vyuma viwili vikigusana vimeshika.

Na wote, wote, wana haraka. Prezentesheni ni wiki ijayo.

Hilo la haraka nitalirudia, ndiyo kiini cha maneno yangu.

## "Kwani wataka nchi nzima iwe ya mafundi?"

Nina rafiki yangu lekchara, tulisoma madrasa moja, nilimweleza habari ya picha tukiwa kwenye kahawa. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia, ami, wewe unaumia kwa sababu ya kazi yako. Mhandisi si fundi. Hata sheria imetenganisha, wahandisi wana bodi yao na matekinolojia na matekinishani wana yao. Daktari hashoni shuka za wodi. Yule kijana kazi yake ni hesabu na usanifu, kuchomelea ni kazi yako, na amekulipa. Kwani wataka nchi nzima iwe ya mafundi?

Nilirudi nyumbani sina jawabu.

Kwa sababu ana haki, kwa kiasi. Mhandisi wa daraja hatashika kila rodi. Na kuna mambo mengine aliyonieleza ambayo siyajui nikiwa karakana, kwamba darasa zima lina mashine moja ya kukereza inayofanya kazi, kwamba supavaiza mmoja ana wanafunzi wengi na bado ana masomo ya kufundisha, kwamba pesa za vifaa anatoa mwanafunzi mfukoni, mkopo wa HELB, ule wa serikali wa wanafunzi, umeshakwenda kwenye kodi ya nyumba na chakula. Mtoto wa watu ana elfu chache na mota pekee inazimaliza. Ukimwambia jaribu, ukiharibu anza tena, anza tena kwa nini?

Halafu nikakumbuka kitu kikanivuruga zaidi. Kuna kijana mwingine, msimu wa nyuma, yeye alikaa karakana kutoka asubuhi mpaka jioni, akakata, akasugua, akachafuka mpaka masikio. Kila kitu nilichomwambia fanya alifanya. Na siku ya mwisho nilimuuliza kwa nini tumeweka beringi mbili badala ya moja akaniambia, si wewe ulisema fundi.

Mikono ilikuwa yake, kichwa kilikuwa changu siku zote zile.

Kwa hivyo nikaanza kuona hata mimi mwenye karakana nilikuwa nasema "vitendo, vitendo" kama watu wote wanavyosema, na serikali inavyosema ikileta mtaala mpya. Tuliosoma mtaala wa 8-4-4, ile ya kwanza, iliyoanza 1985, tulichonga, tulifuma, tulilima, tukafanyiwa mtihani wa hayo yote, na wengi wetu tulibeba shuleni kitu kilichotengenezwa na fundi wa mtaa usiku mmoja kabla. Kushika tu chuma si kusoma. Basi kusoma ni nini?

## Binti wa kachri

Jawabu lilikuwa limeshapita mlangoni kwangu, na lilianza vibaya.

Alikuja na projekti ya mashine ya kukata muhogo vipande vyembamba, vya kachri, ile krispi ya muhogo. Mamake mdogo anauza kachri, sio pale Lighthouse penyewe, ufukweni Mombasa, yeye anakaanga nyumbani Kisauni anawapelekea wanaouza. Anakata kwa mkono, kile kibao chenye wembe, vidole vina alama zake. Binti akasema nitamtengenezea mashine na ndiyo itakuwa projekti yangu. Sahani ya chuma inayozunguka, kipenyo milimita 300, visu viwili, mota ya hospawa moja, mkanda na puli.

Tofauti yake na wengine haikuwa kuchomelea, alichomelea kidogo na vibaya. Tofauti ni kwamba alikuja mapema. Muhula wa kwanza haujaisha huyu yuko mlangoni na mchoro wa penseli, anataka kitu kibaya haraka, alisema hivyo hivyo, fundi nataka kitu kibaya haraka nione kama kinakata. Tukaunga na vyuma vya kubakia.

Mota za kawaida za umeme wetu wa hezi 50, zenye ncha nne za sumaku, zinazunguka kama mara 1400 kwa dakika zikiwa na mzigo. Puli yake ndogo ilikuwa ya 75, kubwa 150, kwa hivyo sahani inapata 700. Visu viwili, vipande 1400 kila dakika, kila kipande milimita moja na nusu. Aliiandika hesabu yote kwenye daftari mbele yangu, muhogo wa unene wa sentimita tano, ikatoka zaidi ya kilo 250 kwa saa. Akapiga mstari chini yake. Akaniambia washa.

Zikatoka chenga. Vipande vingine vizima, vingi vimevunjika, vingine vimeruka mpaka kwenye jiliwa kule pembeni.

Alisimama akaangalia daftari, akaangalia chenga, akaangalia daftari. Mi nilikuwa najua tatizo ni nini, nikafungua mdomo, na nashukuru kuna mteja aliniita nje. Niliporudi ameshahesabu mwendo wa ukingo wa sahani, kama mita 11 kwa sekunde, ameuandika pembeni na alama ya kuuliza. Siku ya pili yake akaja na puli ya 300. Sahani ikashuka 350, vipande vikatoka vizima. Lakini hesabu nayo imekatika nusu, kama kilo 130, na alipopima kweli, kwa mizani na saa, akiweka muhogo mkononi mmoja baada ya mwingine, hata 60 hakufika. Kwa sababu kwenye karatasi muhogo haujipindi, haukatiki, hauna kile kipande cha mwisho kinachobaki kinacheza bila kukatwa, na mwenye kuuweka hachoki.

Nikadhani atakata tamaa. Kumbe ndo kwanza alikuwa anaanza kufurahi.

Kisha rangi. Vipande vilivyokaa kidogo kwenye beseni kabla ya kukaangwa vilianza kugeuka pembeni, rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Mi nilisema ni uchafu wa chuma tu, osha. Yeye hakukubali, akaenda akasoma, akarudi na maelezo: muhogo una sumu yake ile ya sayanaidi tunayoijua wote kwenye muhogo mchungu, kidogo kidogo iko hata kwenye mtamu, na ikikutana na chuma cha kawaida inatengeneza kampaundi yenye rangi ya buluu, ndo sababu viwanda vya wanga wa muhogo haviruhusu chuma kitupu kiguse muhogo. Sahani ikawa stenlesi, bolti zake stenlesi. Bei ikapanda, akauza simu yake akanunua ndogo. Mimi nimefanya kazi ya chuma miaka yangu yote na hilo nilifunzwa na huyu binti.

## Kisauni

Halafu tukaipeleka kwa mwenyewe.

Karakana iliwaka bila wasiwasi. Kisauni, tukaunga kwenye ekstensheni ya mama, ndefu, waya mwembamba, mota ikavuma hmmm na haikuzunguka. Binti alikuwa ameandika volti 240 kila ukurasa. Akapima kwa mita, bila mzigo iko 240 kweli, akiwasha inaporomoka chini ya 200, kwa sababu mota inapoanza inavuta umeme mara tano sita ya ule wa kawaida na waya ule hauwezi. Akafupisha waya, akaweka mnene. Ikawaka.

Mama mdogo mtu akavuta kigoda chake akakaa. Na mashine iko juu ya kichwa chake.

Hakuna aliyefikiria hilo, si binti, si supavaiza, si mimi. Mashine ilichorwa kwa mtu aliyesimama. Huyu mama anakata muhogo ameketi, kisu huku, beseni la maji huku, mjukuu mgongoni, miaka na miaka, na hana nia ya kusimama masaa kwa ajili ya mashine ya mtu. Tukarudi na grainda tukakata miguu.

Akauliza naioshaje? Sahani imefungwa na bolti za spana namba 13. Spana hana. Wanga wa muhogo ukikauka ni gundi, siku ya pili visu vimeganda. Zikatolewa zile bolti zikawekwa za kukazwa kwa vidole. Akauliza na mkono wangu? Akauweka mkono pale pa kutilia muhogo, vidole vinakaribia kabisa sahani. "Mwanangu, vidole hivi ndo mtaji wangu." Pakatengenezwa kisukumio cha mbao na mdomo ukarefushwa mpaka mkono usiweze kufika hata ukitaka. Binti alikuwa na kurasa nzima ya habari za usalama kwenye ripoti, imeandikwa vizuri sana, na mkono ulikuwa unaingia.

Sikiliza sasa. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lilikuwa gumu. Urefu wa kigoda. Spana. Waya. Ni mambo ambayo yanaonekana ukishafika tu, na huwezi kufika usiku wa kuamkia prezentesheni.

## "Wadhani itatoka ngapi?"

Mzee aliyenifunza kukereza alisoma MIOME, pale Tudor, zamani hizo ni chuo cha ufundi cha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki yote, wanakuja mpaka wa Unguja. 1966 ikabadilishwa jina, 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, leo ni Technical University of Mombasa tangu 2013. Yule mzee alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikiniudhi sana. Nikishamaliza kukata, nimenyoosha mkono nichukue vernia nipime, anaishika yeye. Haniachii.

"Wadhani itatoka ngapi?"

Lazima niseme namba kwanza. Kwa mdomo, mbele ya wenzangu. Ndipo ananipa vernia.

Miaka yote nilidhani ni ukali tu wa wazee. Juzi, nikimfikiria binti na lile daftari lake, ndipo nikaelewa alichokuwa akifanya. Ukipima bila kusema kwanza, unapata namba, unaiandika, unaendelea. Ukisema kwanza, halafu chuma kikakukatalia, kuna kitu kinakuuma hapa, unataka kujua kwa nini, na usiku ule hulali vizuri. Elimu yangu yote ya mashine iliingia kupitia hapo.

Basi ndo tofauti ya wale watatu. Yule wa picha alikuwa na namba zake lakini hazikupambana na mashine, maana mashine ilikamilika akiwa hayupo na haikupata nafasi ya kumkatalia. Yule aliyechafuka alikuwepo, hana namba, mashine haina cha kumkatalia. Binti alikuwa na vyote viwili, na alikuwa na muda wa kukosea.

Rafiki yangu lekchara nilimrudia na hili, nikamwambia sitaki wahandisi wawe mafundi, nataka namba zao zijaribiwe na chuma. Tukalizungumza muda mrefu. Ndiye aliyenikumbusha kwamba si jambo geni duniani, kwamba mwaka 2000 MIT ya Marekani na vyuo vitatu vya Uswidi, Chalmers, KTH na Linköping, walianza mpango wanaouita CDIO, kwamba mwanafunzi wa uhandisi apite hatua zote nne, kuwaza, kusanifu, kutengeneza, na kuendesha. Hiyo ya nne ndiyo niliyoiona mimi Kisauni. Wengi wetu tunaishia ya tatu, tena ya tatu tumemlipa mtu.

Na tukazungumza habari ya Woodie Flowers, profesa wa hapo hapo MIT, miaka ya 1970, kila mwanafunzi anapewa mfuko wa vikorokoro vile vile kama mwenzake, atengeneze mashine yake, siku ya mwisho mashine zinapambana mbele ya watu wote. Vikorokoro! Wakisema hatuna pesa, mi nakubali hatuna, lakini ile mashine ya kwanza ya binti ilitengenezwa na vyuma vya kubakia na ndiyo iliyomfunza mengi kuliko ya stenlesi.

## Maksi zinakaa wapi

Aliniambia baadaye, prezentesheni yake alipita vizuri. Lakini maswali mengi yalikuwa ya mpangilio wa ripoti na ya kazi za watu waliotangulia, na mmoja alimuuliza kwa nini mashine yake ina alama za grainda miguuni, haina finishi nzuri. Miguu ile iliyokatwa kwa ajili ya kigoda! Alama zile kwangu ndizo zilizokuwa projekti yenyewe.

Simlaumu aliyeuliza, amekaa kwenye kiti tangu asubuhi anaangalia mashine moja baada ya nyingine zinawashwa dakika mbili. Katika dakika mbili utaona nini zaidi ya rangi?

Mi si mwalimu, lakini kwa vile nawaona kila mwaka kutoka upande huu wa kaunta, haya ndiyo ningeomba kama ningesikizwa. Mashine ya kwanza, mbaya, ya mbao ikibidi, ya boksi ikibidi, iwe imewashwa muhula wa kwanza haujaisha, na itolewe maksi hata ikishindwa, tena hasa ikishindwa, mradi mwanafunzi aliandika kabla anatarajia nini. Ripoti iwe na ukurasa wa yaliyobadilika kutoka mchoro wa kwanza na sababu zake, na fundi akibadilisha kitu jina lake liandikwe na alichobadilisha kiandikwe, si aibu, kiwandani ndivyo inavyofanywa, mchoro unarudishwa ofisini unarekebishwa. Na mashine ikae kwa mtumiaji wa kweli wiki kadhaa kabla ya kuletwa mbele ya jopo. Ikirudi imevunjika, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Rafiki yangu alisema la kalenda ndilo gumu, manake projekti inagawiwa na vikao, na migomo inakata mihula vipande vipande. Namwamini. Lakini la kuandika namba kabla ya kuwasha halihitaji kikao wala bajeti, alikubali kulijaribu na wanafunzi wake mwaka huu.

Nami upande wangu nimebadilisha. Mwanafunzi akija na mchoro, nachukua kazi, ila kwa sharti kwamba zile siku za kukereza shafti, kufunga beringi na kuwasha mara ya kwanza awepo, na bei namshushia kwa kuwepo kwake. Wengine wamekasirika wameenda kwingine. Wengine wamebaki.

Kwa hivyo kama unaingia mwaka wa mwisho na unasoma hapa, usingoje msimu. Njoo mwezi wa kwanza wa masomo, karakana iko kimya, vyuma vya kubakia vimejaa pale nyuma na sikutozi. Njoo na viatu vilivyofunika vidole, vernia kama unayo, na daftari la karatasi, simu iweke mfukoni. Mchoro si lazima uwe umekamilika. Na umjue mtu mmoja wa kweli atakayeitumia hiyo mashine, anakaa wapi, anafanya kazi amesimama au ameketi, na umeme wake unafikaje, manake ndiyo maswali ya kwanza nitakayokuuliza.